Reli Haifi kwa Uzee: Msimamo wa Tawi Kuhusu Ukarabati wa TAZARA na Barabara Zetu

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*
Haya ni maandishi kamili ya hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati kwenye mkutano mkuu wa tawi. Tunayatuma kwa wote, hasa waliokuwa shambani siku ile. Ukishasoma, msomee na jirani asiye na simu janja.

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu wajumbe wa Kamati, wazee wetu, mama zetu, ndugu vijana, ndugu wanachama wote,

 

Ajenda ya leo ni moja: ukarabati wa reli ya TAZARA na barabara zinazoitegemea. Kwa miezi kadhaa wanachama wamekuwa wakituuliza maswali yale yale. Je, ni kweli reli inatengenezwa? Treni ya abiria itabaki? Vijana wetu watapata kazi? Kamati imekaa mara tatu kulijadili jambo hili, na haya ndiyo tuliyokubaliana kuyaleta mbele yenu.

*1. Tulirithi nini*

Wazee waliomo humu wanakumbuka. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilibanwa. Shaba yake ilikuwa ikipita kusini, na njia hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wasiowatakia Waafrika mema. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka njia ya kwenda baharini Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa, zikisema mradi haulipi. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba, na ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970.

Reli ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilitandikwa na makumi ya maelfu ya vijana wa Tanzania, Zambia na China. Kipande kigumu kuliko vyote kiko hapa kwetu, kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bondeni kwenda nyanda za juu na mahandaki yanafuatana moja baada ya jingine. Wapo waliopoteza maisha. Kwenye makaburi ya Gongo la Mboto wamelala mafundi zaidi ya 60 wa Kichina ambao hawakurudi kwao.

Kazi ilikamilika kabla ya muda uliopangwa, na reli ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili Julai 1976. Kwa hiyo Julai 2026 ni nusu karne.

*2. Ilifikaje hapa*

Reli hii ilibuniwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Haikuwahi kufika huko. Katika miaka yake mizuri, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilibeba takriban tani milioni 1.2. Kufikia mwaka wa fedha 2014/15 ilikuwa imeshuka chini ya tani 100,000.

Watu wengi husema: reli imezeeka. Ndugu wanachama, tusikubali jibu hilo kirahisi. Reli ya Kati ni ya zamani zaidi. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na hadi leo treni zinapita, kwa sababu mara kwa mara vipande vyake vimefumuliwa na kutandikwa upya. Kipande cha Dar es Salaam hadi Isaka kimekarabatiwa katika miaka hii hii ya karibuni. Chuma kinatunzika.

Tuelezane jinsi reli inavyokufa, maana wengine hapa mmefanya kazi kwenye magenge na mnaijua habari hii kuliko sisi.

Kwanza zinachafuka kokoto. Kokoto chini ya mataruma zina kazi mbili: kushikilia njia isicheze na kupitisha maji. Zikijaa udongo, maji ya mvua hayaondoki, yanatuama chini ya taruma. Treni ikipita, taruma linapiga kwenye tope. Linapopiga, vifungo vinalegea. Vifungo vikilegea, reli inapinda kidogo, mahali ambapo macho ya kawaida hayaoni. Mkaguzi akiona anaweka amri: hapa pitieni polepole. Kesho anaongeza sehemu nyingine, keshokutwa nyingine. Treni iliyokuwa ikifika kwa siku moja na nusu inafika kwa siku tatu. Mwenye shaba anahesabu siku, anatafuta lori. Mapato ya reli yanapungua. Mapato yakipungua, kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti ni kokoto.

Hapo duara limekamilika, na kila mwaka linazunguka kwa kasi zaidi. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa haki, tuseme pia kwamba matengenezo hayakuwa sababu pekee. Ubaguzi wa rangi ulipoanguka Afrika Kusini, bandari za kusini zilifunguka kwa mizigo ya Zambia, na reli iliyojengwa kukwepa kusini ikapata mshindani mkubwa. Lakini mshindani humshinda kwanza aliyedhoofika. Reli iliyotunzwa ingepigana. Yetu ilikutwa imelala.

*3. Mzigo ulihamia wapi*

Shaba na mafuta na mbolea havikupotea. Vilipanda barabarani. Nendeni Tunduma mkaone foleni ya malori. Pitieni mlima Kitonga mkaone jinsi magari yanavyokwama lori moja likifeli breki.

Tupige hesabu ndogo. Tofauti kati ya tani milioni 1.2 na tani 100,000 ni tani milioni 1.1 kwa mwaka. Lori moja likibeba tani 30, hizo ni safari zaidi ya 36,000. Gawanya kwa siku za mwaka: malori 100 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Hiyo ndiyo mizigo ambayo reli ilikwisha kuonyesha kwamba inaiweza.

Barabara inaumia vipi? Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walijenga barabara za majaribio katika jimbo la Illinois, wakapitisha malori juu yake usiku na mchana kwa takriban miaka miwili ili waone inachukua muda gani kuharibika. Walichogundua kinatumiwa na wahandisi hadi leo: uharibifu haukui sawasawa na uzito. Ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu unakua takriban mara 16. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, inaumiza barabara karibu maradufu. Ikibebeshwa tani 15, mara 5.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ekseli moja ya tani 10 inaumiza lami sawa na ekseli 160,000 za gari dogo lenye nusu tani kwa kila ekseli. Bodaboda yako na bajaji yako hazihesabiki. Ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha sheria ya uzito wa magari mwaka 2016, ikaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Na ndiyo maana kila anayepenyeza rushwa kwenye mizani anavunja barabara ya watu wote kwa faida ya mtu mmoja.

Sasa oneni jambo hili kwa ukamilifu wake. Tuliacha kokoto za reli, tukalazimika kununua lami. Fedha za Mfuko wa Barabara zinatokana kwa sehemu kubwa na tozo kwenye kila lita ya mafuta. Mwenye bodaboda analipa, mwenye mashine ya kusaga analipa, na abiria wa basi analipa ndani ya nauli. Reli inapokosa matengenezo, bili inakuja kwenye pampu ya mafuta.

*4. Kilichokubaliwa sasa*

Septemba 2024 huko Beijing, Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi walishuhudia utiaji saini wa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, ukasainiwa mkataba wenyewe na kampuni ya China ya CCECC. Kwa taarifa zilizotangazwa, uwekezaji ni takriban dola za Marekani bilioni 1.4, na muda wa mkataba ni miaka 30: miaka ya mwanzo ya kukarabati, halafu miaka ya kuendesha na kurudisha mtaji. Novemba 2025 kazi ilizinduliwa kule Lusaka. Sehemu kubwa ya fedha ni ya njia yenyewe, na nyingine ni ya vichwa vya treni na mabehewa mapya.

Tawi letu linaunga mkono ukarabati huu. Tunalisema wazi, ili asije mtu akasema tunapinga maendeleo. Reli inayopita kijijini kwetu ikiwa hai, sisi ndio wa kwanza kufaidika. Tena haraka inahitajika, maana upande wa magharibi Marekani na Ulaya wanaweka fedha kwenye njia ya Lobito, Angola, na shaba ile ile inaweza kuelekea Bahari ya Atlantiki.

Lakini kuunga mkono ni pamoja na kuuliza. Mwaka 1976 tulipokea reli mpya kabisa, na miaka 40 baadaye ilikuwa inabeba chini ya moja ya kumi ya mizigo yake ya awali. Ikiwa hatukujifunza, basi tutapokea reli mpya mara ya pili, na wajukuu wetu watakaa kwenye mkutano kama huu kujadili fedha za mara ya tatu.

*5. Mambo matano tunayoyataka*

_La kwanza: matengenezo ya kila mwaka yaandikwe na yaonekane._ Ukarabati mkubwa unapigwa picha na kukatiwa utepe. Kuzibua kalavati hakuna anayekupigia makofi. Lakini mvua haiangalii nani alikata utepe. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Kilosa yalibomoa Reli ya Kati na treni zikasimama kwa miezi. Mei 2024 maji yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikatenganishwa na nchi. Maji hayabomoi njia mahali pote. Yanatafuta sehemu moja iliyosahaulika. Tunataka kujua: katika mkataba wa miaka 30, kiwango cha matengenezo kwa kila mwaka ni kipi, nani anakikagua, na adhabu ni nini kisipofikiwa?

_La pili: hali ya reli siku ya kurudishwa._ Mtu aliyepangisha nyumba huandika rangi, milango na vioo. Miaka ya mwisho ya mkataba ndiyo ya hatari, kwa sababu mwendeshaji anayekaribia kuondoka hana sababu ya kununua mataruma mapya. Tunaomba tuambiwe reli inatakiwa iwe katika hali gani siku nchi zetu zitakapoipokea tena.

_La tatu: treni ya abiria._ Hapa ndugu zetu tusizunguke. Mradi huu unaendeshwa na shaba, na shaba haishuki Mbingu, Mngeta wala Chita. Abiria hulipa kidogo na husimamisha treni mara nyingi, kwa hiyo mwenye hesabu ya faida peke yake atamwona abiria kama usumbufu. Lakini kwa watu wa huku, na zaidi wa vijiji vya mlimani kama Uchindile, treni ndiyo barabara. Masika yakikaza, ndiyo inayomfikisha mgonjwa hospitali na mwanafunzi shuleni. Mama mwenye magunia mawili ya mchele na mikungu ya ndizi hana lori. Ana treni. Tunataka idadi ya chini ya treni za abiria kwa wiki, pamoja na vituo vidogo zitakaposimama, iandikwe na itangazwe. Tunataka pia kuambiwa mapema: njia itakapofungwa kwa ukarabati, watu hawa watasafiri na nini?

_La nne: kazi na ujuzi kwa vijana wetu._ Reli ina machimbo yake ya kokoto na kiwanda cha mataruma ya zege kule Kongolo, Mbeya. Ina karakana Dar es Salaam, na nyingine Mpika upande wa Zambia. Hizi ndizo mashine za kujitegemea. Zikifa, kila taruma litakuja kwa meli. Tunataka mafunzo ya ufundi yaanze sasa, wakati ukarabati unaendelea, ili kila genge liwe na kijana wa hapa anayejua kusoma njia na kurekebisha. Mafundi wa miaka ya 1970 wengi wao wametangulia mbele ya haki au wamestaafu. Waliobaki waitwe wafundishe kabla hatujawazika na ujuzi wao.

_La tano: barabara za kufika stesheni._ Reli bora isiyofikika ni mapambo. Mpunga wa bondeni unapotea thamani kati ya shamba na stesheni, kwenye zile kilomita chache za udongo ambazo pikipiki inazama hadi kwenye injini. Barabara hizo ziko chini ya TARURA. Hatuombi lami. Tunaomba mifereji, makalavati na changarawe, na greda lipite kabla ya masika, si baada yake. Barabara ya changarawe yenye mfereji mzuri inaishi kuliko lami isiyo na mfereji.

*6. Wajibu wetu wenyewe*

Ndugu wanachama, hatuwezi kudai kwa wengine tusichokifanya hapa.

Vifungo vya reli vinavyouzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu havitembei vyenyewe. Kuna mikono inayovifungua usiku, na mingine inayonunua asubuhi. Kifungo kimoja kinaleta hela ya soda, na kinaweza kuangusha behewa lenye watu wetu. Kamati imeamua kwamba mwanachama atakayethibitika kushiriki biashara hiyo hatatetewa na tawi hili kwa namna yoyote.

Mifereji ya barabara imegeuzwa majaruba na mahali pa kutupa taka. Mfereji ukizibwa, maji yanapanda barabarani, halafu tunamlaumu mhandisi. Kila balozi ahesabu makalavati yaliyo katika eneo lake na atuletee orodha.

Kilimo na ujenzi ndani ya hifadhi ya reli navyo tuviseme ukweli. Wapo wenzetu waliojenga zamani, wengine wakiwa na karatasi mikononi. Hao tutasimama nao ili wasikilizwe na wapate haki yao kwa mujibu wa sheria. Lakini kwa anayetaka kuchimba msingi leo akitegemea fidia ya kesho, tunamshauri asipoteze saruji yake.

*7. Hatua zinazofuata*

Kamati inapendekeza, na mkutano umeridhia, kama ifuatavyo:

(a) Maswali matano ya sehemu ya 5 yataandikwa kwa barua na kupelekwa kwa Diwani na kwa Mbunge, ili yaulizwe kwenye Baraza la Madiwani na Bungeni. Tutayapeleka kwao kwa sababu wanatuwakilisha, wawe wa chama chetu au wa chama kingine.

(b) Nakala itapelekwa kwa uongozi wa reli kupitia stesheni yetu.

(c) Iundwe timu ya watu saba: wazee wawili waliofanya kazi relini, wanawake wawili wanaosafirisha mazao kwa treni, vijana wawili na Katibu wa Tawi. Kazi yao ni kuorodhesha makalavati yaliyoziba, madaraja madogo yaliyochoka na njia mbovu za kwenda stesheni, pamoja na picha na jina la mahali.

(d) Siku moja kila mwezi kabla ya masika itakuwa ya kuzibua mifereji ya mitaa yetu. Kila mtu aje na jembe au koleo. Viongozi watatangulia.

(e) Majibu tutakayopata, hata kama ni ya kutukatalia, yatatumwa kwenye kundi hili neno kwa neno.

Ndugu wanachama,

Waliotujengea reli hii walikuwa na nchi changa, hazina ndogo na maadui wengi. Walikataliwa na wakubwa, wakajenga. Sisi hatuombwi kutoboa milima. Milima imekwisha kutobolewa. Tunaombwa kuhakikisha kokoto zinabaki safi, vifungo vinabaki mahali pake, na maji yanapata njia ya kupita. Ni kazi ndogo isiyo na shangwe, na inafanywa kila mwaka. Chururu si ndo ndo ndo: kidogo kinachoendelea ndicho kinachojaza ndoo.

Treni ikipita hapa mwaka 2056, muda wa mkataba ukiwa umefika ukingoni, wengine wetu hatutakuwepo. Watoto wanaokimbia sasa hivi nje ya ukumbi huu ndio watakaoipokea. Tufanye kila tuwezalo wapokee reli inayotembea.



_Imetolewa na Katibu wa Tawi kwa niaba ya Kamati ya Tawi._
_Mwenye swali aje ofisi ya tawi jioni au aongee na balozi wake. Tafadhali usikate kipande cha taarifa hii ukakituma peke yake, tuma yote._